Wiki yetu haizioni barua zetu: tuiunganishe vipi na kanzidata ya nyaraka?

*"Ninasimamia ofisi ya shirika dogo linalohudumia miradi ya maji vijijini. Tuko watu 17, wengine Iringa, wengine Njombe. Tangu 2022 taratibu zetu zote tunaziandika kwenye wiki, ile programu ya MediaWiki. Lakini barua, mikataba na ripoti zimo kwenye kanzidata ya MySQL (programu ya kuhifadhi data katika majedwali) tuliyoundiwa na kijana mmoja mwaka 2014. Kumbukumbu zimefika kama 31,000, na kila moja ina faili lake la PDF kwenye seva ya ofisini. Mtu akitafuta kwenye wiki hapati barua. Akitafuta kwenye mfumo wa nyaraka hapati taratibu. Fundi mmoja anasema tuhamishie kila kitu kwenye wiki. Mwingine anasema tuipe wiki nenosiri la kanzidata, itajitafutia yenyewe. Mkurugenzi hataki hata kusikia, anasema mishahara itaonekana. Tumsikilize nani?"*

Msikilizeni mkurugenzi kwanza. Sisemi kazi muiache. Inafanyika, na kwa shirika la watu 17 haihitaji fedha nyingi. Ila kati ya watu watatu uliowataja, yeye peke yake ndiye aliyegusa penye ugumu. Mafundi wenu wanabishana nyaraka zikae wapi, wakati shida ni nani aone nini anapoandika neno kwenye kisanduku na kubonyeza. (Kabla sijaendelea: humu nikisema wiki ni hii ya kompyuta, yaani tovuti ambayo watumiaji wenyewe huandika na kuhariri kurasa. Ya siku 7 nitaiita juma, tusije tukapotezana.)

Nianze na ushauri wa kuhamisha, maana ndio unaovutia. Kila kitu sehemu moja, nani asiyependa? Tatizo ni kwamba MediaWiki iliundwa kwa ajili ya Wikipedia, yaani mahali ambapo kila mtu anasoma kila kitu. Viendelezi, yaani programu ndogo za kuiongezea uwezo, vya kufungia baadhi ya kurasa vipo, lakini waundaji wenyewe wa programu hiyo wanaonya kwamba visitegemewe kulinda siri. Ukurasa uliofungwa mlangoni unaweza kuchungulia dirishani: kwenye matokeo ya utafutaji, kwenye orodha ya mabadiliko ya karibuni, au ndani ya ukurasa mwingine ulioyavuta maandishi yake. Barua ya mshahara ikishaingia kwenye wiki, ihesabu kuwa imesomwa.

Kuna hasara nyingine ambayo haionekani siku ya kwanza. Kwenye kanzidata, tarehe, mtumaji na namba ya jalada kila kimoja kina safu yake. Mkitaka barua zote za halmashauri kati ya Machi na Juni 2019, kanzidata inajibu kwa amri moja. Ukizigeuza barua hizo kuwa kurasa za wiki, tarehe inakuwa neno kati ya maneno mengine. Halafu mtu wenu wa masijala ataendelea kuingiza barua mpya kwenye mfumo anaoujua, na baada ya miezi sita mtakuwa na nakala mbili zisizofanana, na hakuna atakayejua ipi ndiyo yenyewe.

Huyu wa nenosiri naye anadhani kwamba wiki ikipewa ufunguo itaingia kwenye kanzidata na kusoma barua. Haiwezi, kwa sababu barua hazimo humo. Kama mfumo wenu unafanana na mingi iliyoundwa miaka ile, ndani ya jedwali kuna kichwa cha barua, tarehe, namba na anwani ya faili. Maneno ya barua yenyewe yamo kwenye PDF, na PDF iko kwenye diski ya seva. Kwa hiyo mtakuwa mnatafuta ndani ya kile alichokiandika karani kwenye nafasi ya "Yahusu". Aliyeandika "Yahusu: Majibu ya barua yenu" hamtampata milele.

Wapo watakaowatisha na kasi, kwamba kupekua kumbukumbu moja moja kutaizamisha seva. Kumbukumbu 31,000 ni chache, na kompyuta ya leo inazipitia kabla hujainua kikombe. Kinachonitia wasiwasi ni nenosiri. Wiki ni programu inayofunguliwa na watu wengi, ina viendelezi vya watu mbalimbali, na husahaulika kusasishwa. Siku ikidukuliwa, aliyeingia atakuta ufunguo wa kanzidata yote umeandikwa kwenye faili la mipangilio, mishahara ikiwemo.

Sasa utafutaji hufanyaje kazi? Programu yoyote nzuri ya kutafuta haitafuti ndani ya nyaraka wakati unauliza. Ilishazisoma zamani, ikatengeneza faharasa, kama ile ya nyuma ya kitabu: neno hili liko kurasa hizi, neno lile kurasa zile. Ukiuliza, inafungua faharasa tu. Lucene, maktaba ya programu aliyoianzisha Doug Cutting mwaka 1999, hufanya hivyo, na juu yake zimejengwa injini za kutafuta za Solr, Elasticsearch na OpenSearch. Wikipedia yenyewe ilipofika 2014 ilikuwa imehamishia utafutaji wake kwenye Elasticsearch. Wiki yenu, kama hamjaigusa, inatumia jedwali dogo la faharasa lililomo ndani ya kanzidata yake, na jedwali hilo linajua kurasa za wiki basi.

Faharasa ni nakala, tena nakala ya kutupwa. Ikiharibika unaifuta na kuijenga upya kutoka kwenye asili. Ukilielewa hilo, ugomvi wa mafundi wenu unaisha. Barua zibaki kwenye kanzidata yake, kurasa zibaki kwenye wiki, na mjenge faharasa ya tatu inayojua mnachoamua ijue.

Kwa vitendo, mtu wenu wa kompyuta aandike programu fupi inayoamka kila usiku. Inaingia kwenye kanzidata kwa akaunti yake yenyewe, ambayo imeruhusiwa kusoma tu, na kusoma safu mlizozichagua tu. Inachukua kila PDF, inatoa maandishi, kisha inayaweka kwenye jedwali jipya lililo kwenye kanzidata tofauti: namba ya jalada, kichwa, tarehe, maandishi, kundi la wanaoruhusiwa kuona, na kiungo cha kurudi kwenye mfumo wa nyaraka. Wiki inapewa nenosiri la jedwali hili jipya, si la ile ya asili. Kisha kiendelezi kidogo kinaongeza sehemu ya pili kwenye ukurasa wa matokeo: juu kurasa za wiki, chini yake barua na mikataba.

Mtauliza kwa nini sehemu mbili na siyo orodha moja. Kwa sababu kila mfumo huyapa majibu yake alama ili kuyapanga, na alama za mifumo miwili hazilinganishiki. Injini za kutafuta hupima uzito wa neno kwa uhaba wake. "Mkandarasi" huenda limo kwenye kurasa nne za wiki yenu, lakini limo kwenye maelfu ya barua, hivyo neno hilo hilo ni lulu huku na mchanga kule. Kuzichanganya alama hizo ni kama kulinganisha 80 ya shule moja na 80 ya shule nyingine iliyojitungia mtihani wake. Ipo mbinu ya kuunganisha orodha kwa nafasi badala ya alama, iliyochapishwa 2009, ambapo kila jibu hupewa moja gawanya kwa 60 kujumlisha nafasi yake. Ni nzuri pale hati moja inapotokea kwenye orodha zote mbili. Kwenu barua haiwezi kuwa pia ukurasa wa wiki, kwa hiyo itaishia kupokezana tu: moja ya huku, moja ya kule. Bora sehemu mbili zenye vichwa vinavyosomeka.

Sasa nikae kidogo penye Kiswahili, kwa sababu hapo ndipo nimeona miradi mingi ikifa na watu wasijue imekufa kwa nini.

Injini za kutafuta huja na kanuni za kukata maneno yafike kwenye shina. Kwa Kiingereza kazi hiyo ni kukata mkia. Kiswahili hubadilika kichwani na mkiani: mkataba, mikataba, lipa, malipo, walilipwa, hayajalipwa. Elasticsearch ina vichanganuzi, yaani kanuni kama hizo, vilivyo tayari kwa lugha zaidi ya thelathini, na Kiswahili hakimo. Mtu akiandika "mkataba" hapati barua inayozungumzia "mikataba", anaondoka akiamini kwamba haipo. Utafutaji unaosema "hakuna" wakati kipo ni mbaya kuliko kutokuwa na utafutaji, maana asiye nao huinuka akaenda kumuuliza mtu wa masijala.

Dawa ninayoipendelea ni kukata maneno vipande vya herufi tatu tatu. "Mkataba" inakuwa mka, kat, ata, tab, aba. "Mikataba" inakuwa mik, ika, kat, ata, tab, aba. Vinne kati ya vitano vinafanana, basi wanakutana. Inasaidia hata pale herufi moja imekosewa. Haisaidii kwa "jiwe" na "mawe", ambavyo havina kipande hata kimoja cha pamoja, wala haiwezi kujua kwamba fundi wa Njombe akisema "dira" na wa Iringa akisema "mita" wanazungumzia kifaa kile kile cha kupimia maji. Hayo yaandikieni orodha ya visawe kwa mkono. Maneno hamsini yatawafikisha mbali.

MySQL tangu toleo la 5.7 inacho kikataji cha vipande kilichojengewa ndani, kinaitwa ngram, kilichoundwa kwa ajili ya Kichina, Kijapani na Kikorea. Kinafaa, lakini kina mtego. MySQL ina orodha ya maneno ya Kiingereza ya kupuuzwa, na ndani yake zimo "a" na "i" zikiwa peke yake. Kikataji hiki hakitupi tu kipande kilicho sawa na neno la kupuuzwa. Hutupa kila kipande *chenye* neno hilo ndani. Rudi uangalie vipande vya "mkataba" hapo juu. Vyote vitano vina "a". Vyote vinatupwa! Neno "mkataba" linatoweka kwenye faharasa, pamoja na barua, malipo, kisima na karibu kamusi yetu nzima, na hakuna ujumbe wowote wa kosa. Kabla ya kujenga faharasa, fundi azime mpangilio unaoitwa `innodb_ft_enable_stopword`, na aweke `ngram_token_size` iwe 3, kwa kuwa yenyewe huja ikiwa 2. Akisahau, itabidi ajenge upya. Tena atafute kwa namna ya lugha ya kawaida (natural language), siyo ile ya masharti (boolean), kwa sababu ya masharti inadai vipande vyote vifuatane, na mkataba utamkosa mikataba tena.

Namba za majalada zina kasheshe yake. Chukua Kumb. Na. FA/07/2021. Faharasa ya kawaida ya InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi majedwali, inaikata kwenye mikwaju: FA, 07, 2021. Kisha inatupa chochote chenye herufi chini ya tatu. Kinachobaki ni 2021, na mtu aliyeandika namba kamili, kwa uangalifu wote, anamwagiwa barua zote za mwaka ule. Kwa hiyo namba ya jalada isiingizwe kwenye utafutaji wa maandishi. Iwe na safu yake, na programu ikiona mtu ameandika kitu chenye mikwaju ianze kutafuta huko, herufi kwa herufi.

Mafaili yaliyoskaniwa ni hadithi nyingine. Fungua PDF tano za mwaka 2015, ujaribu kuchagua neno kwa kipanya. Kama linachagulika, maandishi yamo. Kama kinachochagulika ni ukurasa mzima au hakuna, hiyo ni picha, na picha haina maneno. Tesseract, programu ya bure iliyoanzia Hewlett-Packard na kuwekwa wazi mwaka 2005, inasoma maandishi kwenye picha na ina data ya Kiswahili. Barua iliyopigwa chapa ikaskaniwa vizuri itasomeka. Yenye mhuri katikati ya aya, au nakala ya faksi iliyotolewa nakala, msitegemee. Kazi hii iacheni iende usiku kwa majuma kadhaa, mkianza na mwaka wa karibuni kurudi nyuma. Sioni haja ya kusubiri 2014 ikamilike ndipo watu waanze kutumia.

Nirudi kwa mkurugenzi, na hapa nitasema kosa langu. Miaka ya nyuma niliunganisha utafutaji kwenye ofisi moja, nikajisifu kwamba siri ziko salama: asiye na ruhusa akibonyeza kiungo anakataliwa. Jumatatu ya kwanza mfanyakazi mmoja akaandika jina lake mwenyewe kwenye kisanduku, kama watu wote wafanyavyo. Likatokea jibu moja, na kichwa chake: barua ya kusitisha ajira. Alibonyeza, akakataliwa, mfumo ukafanya kama nilivyouagiza. Barua ilikuwa bado haijasainiwa. Alikuja mezani kwangu kuniuliza kama ni kweli, na mimi sikuwa najua.

Kumbe kichwa ndiyo siri yenyewe. Hata idadi ni siri: ukiandika jina la mtu pamoja na neno "nidhamu" ukaambiwa "matokeo 3, huna ruhusa", umeshaambiwa. Kwa hiyo ruhusa ichujwe kabla jibu halijahesabiwa, siyo baada ya kubonyezwa. Na kwa shirika la ukubwa wenu nashauri jambo rahisi zaidi: majalada ya wafanyakazi, mishahara na kesi yasiingie kwenye faharasa kabisa. Wanaoyahitaji ni watu watatu au wanne, na wanajua pa kuyapata. Orodha ya aina za nyaraka zinazoingia aiandike mkurugenzi mwenyewe, na aina ambayo hajaitaja iachwe nje mpaka aseme.

Msisahau kufuta. Programu nyingi za usiku zinajua kuongeza, hazijui kutoa. Barua iliyofutwa au kufungiwa inaendelea kuonekana kwenye matokeo. Kwa kumbukumbu 31,000 dawa ni kuijenga faharasa yote upya kila Jumapili usiku. Maandishi yaliyokwishatolewa kwenye PDF yatunzwe pembeni ili Tesseract isirudie kazi.

Je, mnahitaji Elasticsearch au Solr? Kwa sasa, hapana. Ni programu nzuri, ila zinakula kumbukumbu ya kompyuta na zinataka mtu wa kuzitunza. Elasticsearch kabla ya toleo la 8, la mwaka 2022, ulinzi wake haukuwa umewashwa unapoisakinisha, na waliokuwa wakiacha mlango namba 9200 wazi kwenye intaneti walikuta data zao zimesomwa au zimefutwa. Mkifika nyaraka laki kadhaa, au mkawa na mtu wa TEHAMA wa kudumu, fikirini upya. Na kama hata hiyo programu ya usiku ni mzigo kwa sasa, wekeni kwenye ukurasa wa mwanzo wa wiki kiungo kikubwa cha kwenda mfumo wa nyaraka. Haipendezi, lakini leo jioni kitakuwa kimeshafanya kazi.

Kuna mambo ambayo msiyafanye kwa kusoma jibu langu, mwiteni mtu aje aketi nanyi. Kama kijana wa 2014 ndiye pekee anayejua nenosiri kuu, au hakuna aliyewahi kujaribu kurejesha kanzidata kutoka kwenye chelezo (nakala ya akiba), hilo litangulie, msiguse kingine. Kama seva ya ofisini inafikika kutoka nje ili Njombe waitumie, aje mtu wa usalama wa mitandao aone imefunguliwaje. Na kama barua hizo zina majina, simu na madeni ya wateja wa maji, ongeeni na mwanasheria kuhusu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, iliyoanza kutumika Mei 2023, kwa sababu kuzitengenezea faharasa ni kuzichakata kwa namna mpya.

Kabla hamjamlipa fundi yeyote, weka daftari moja mapokezi Iringa na moja Njombe. Kwa majuma mawili, kila aliyetafuta kitu akakikosa aandike maneno aliyoyatumia, jinsi alivyoyaandika, na alichokuwa anakitaka. Mtapata kama mistari thelathini. Fundi akileta kazi, keti naye uandike mistari hiyo mmoja mmoja kwenye kisanduku. Kisha ingia kwa akaunti ya mfanyakazi wa kawaida, mbele ya mkurugenzi, uandike jina la mkurugenzi.